Ruta mbili, lango moja: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Wengi wanaoniandikia kuhusu ruta za akiba tayari wana ruta mbili. Wamezinunua, wamezifunga kwenye raki, taa zinawaka. Siku ruta ya kwanza inapozima, mtandao nao unazima. Majibu yaliyo hapa chini yanahusu kilicho kati ya ruta hizo mbili, maana humo ndimo mambo yanapoharibikia.

Nikiongeza ruta ya pili, kwa nini kompyuta zisihamie huko zenyewe?

Kwa sababu hazijui kama ipo. Kila kompyuta kwenye mtandao wa ndani hubeba agizo moja tu kuhusu dunia ya nje: kisichokuwa cha humu ndani, mpe fulani. Fulani huyo ni lango, tuseme 192.168.10.1. Lango likifa, kompyuta haitafuti jingine. Inaendelea kupeleka paketi palepale mpaka mtu aje aibadilishie anwani, au ipewe anwani mpya na DHCP (huduma inayogawa anwani), jambo linaloweza kuchukua saa nyingi.

Kwa hiyo kazi yenyewe ni kuzifanya ruta mbili zionekane kama moja. Hapo ndipo anwani pepe inapoingia.

Anwani pepe inafanyaje kazi?

Ruta A inapewa anwani yake, 192.168.10.2. Ruta B inapewa 192.168.10.3. Halafu kuna 192.168.10.1, ambayo si mali ya yeyote kati yao. Anayeongoza kwa wakati huo ndiye anayeishika, na kompyuta zote zinaijua hiyo tu.

Itifaki ya VRRP ndiyo inayoamua nani aishike. Kiongozi hutuma tangazo fupi kila sekunde 1 kwenda anwani ya multikasti (inayofikia vifaa vingi kwa pamoja) 224.0.0.18, akisema yupo na kipaumbele chake ni kiasi fulani. Ruta ya akiba husikiliza tu. Matangazo yakikoma, inachukua anwani pepe na kuanza kujibu.

Kuna na anwani ya MAC, ile ya kadi ya mtandao. Kwa utaratibu wa VRRP, anwani pepe ya IPv4 huja na MAC yake inayoanza na 00-00-5E-00-01, na tarakimu mbili za mwisho ni namba ya kikundi cha ruta zinazoshirikiana anwani pepe hiyo. Kikundi namba 51, kwa mfano, kinapata 00-00-5E-00-01-33, kwa kuwa 51 kwa hesabu ya msingi wa 16 ni 33. Faida yake ni kwamba uongozi ukihama, kompyuta hazibadilishi chochote kwenye kumbukumbu zao za ARP (orodha ya IP ipi iko kwenye MAC ipi). Swichi ndiyo inayojifunza kwamba MAC ile sasa iko poti nyingine.

Jihadhari na jambo moja: keepalived, programu ya VRRP kwenye Linux, isipoelekezwa vingine, haitumii MAC hiyo pepe. Inatumia MAC halisi ya kadi, na uongozi ukihama hutangaza kwa nguvu kwamba 192.168.10.1 sasa iko kwenye MAC nyingine. Vifaa vingi hulipokea tangazo hilo vizuri. Vichache vikaidi hulipuuza, na hapo ndipo utakuta printa moja au kamera moja imekwama wakati wengine wote wanaendelea. Kwa vifaa vya namna hiyo, washa `use_vmac`.

VRRP, HSRP au CARP: nichague ipi?

Chagua ile ambayo ruta zako zote mbili zinaijua. Ndiyo jibu langu kwa watu wengi.

HSRP ni ya Cisco, na maelezo yake yalichapishwa mwaka 1998 kama RFC 2281 (RFC ni nyaraka za kiufundi za intaneti). Kwa kawaida yake hutuma salamu kila sekunde 3 na kusubiri sekunde 10 kabla ya kuhama, kwa hiyo ukiiacha ilivyo ni nzito kuliko VRRP. VRRP nayo ilitoka mwaka huohuo wa 1998 kama kiwango cha wazi, ikafanyiwa marekebisho mara kadhaa. Toleo la 3 la mwaka 2010 ndilo lililounganisha IPv4 na IPv6. CARP ilizaliwa OpenBSD, ikatoka na toleo 3.5 mwaka 2004, baada ya mabishano ya hataza za Cisco juu ya VRRP. Ukitumia faiawoli za pfSense au OPNsense, utakutana na CARP.

Kama mtandao mmoja una CARP na VRRP kwa pamoja, usizipe namba moja ya kikundi. Zote mbili hutumia itifaki ya IP namba 112 na MAC za familia moja, na zitagongana.

Uhamisho unachukua muda gani?

Hesabu yake ni rahisi, na ni vizuri uifanye mwenyewe. Ruta ya akiba husubiri matangazo matatu yapotee, halafu inaongeza muda mdogo unaotegemea kipaumbele chake: 256 toa kipaumbele, gawanya kwa 256. Kipaumbele kikiwa 100, ni 156 kwa 256, yaani sekunde 0.609. Jumla ni sekunde 3.6.

Ukizima ruta kwa utaratibu, kiongozi hutuma tangazo la mwisho lenye kipaumbele 0, maana yake "naondoka". Hapo ruta ya akiba haisubiri matangazo matatu, inasubiri zile sekunde 0.6 tu. Ndiyo maana jaribio la kuzima huduma kwa amri hupendeza kuliko hali halisi. Kebo iliyong'olewa haiagi.

Toleo la 3 linakubali matangazo ya kila sehemu ya 10 ya sekunde, na muda wote unashuka hadi kama sekunde 0.36. Mimi siharakishi hivyo ila pale ambapo simu za intaneti haziwezi kabisa kuvumilia. Ruta ikielemewa na kazi kwa nusu sekunde tu, mwenzake ataiona imekufa, na uongozi utaanza kurukaruka.

Ninahitaji nini zaidi ya ruta mbili?

Tazama umeme kwanza. Ruta mbili zilizochomekwa kwenye kebo moja ya soketi hufa pamoja. Kama una UPS (betri za akiba) mbili, gawanya. Kama una moja, chomeka ruta moja kwenye UPS na nyingine moja kwa moja ukutani, kwa sababu UPS nazo hufa, na mara nyingi hufa zikiwa kazini.

Swichi ni vivyo hivyo. Ikiwa ruta zote mbili zimeingia kwenye swichi moja, umehamisha hatari kutoka ruta kwenda swichi. Hilo linaweza kukubalika, mradi uwe umelikubali ukijua.

Upande wa nje ndio unaosahaulika. Ikiwa mtoa huduma amekupa anwani moja tu ya umma, ruta mbili hazina pa kusimama. Omba /29, ambayo ina anwani 6 zinazotumika: moja ya ruta ya mtoa huduma, moja ya A, moja ya B, moja pepe, na mbili zinabaki. Omba mapema, kwa kuwa kubadilisha anwani za umma baadaye ni kazi ya usiku mzima.

Usanidi mdogo kabisa unaofanya kazi unafananaje?

Huu ni wa keepalived kwenye ruta A. Kwa ruta B, kipaumbele kinakuwa 100 na mstari wa `preempt_delay` unaondolewa.

```
vrrp_script angalia_njia {
    script "/usr/local/bin/angalia_njia.sh"
    interval 5
    timeout 4
    fall 3
    rise 5
    weight -60
}

vrrp_instance NDANI {
    state BACKUP
    interface eth1
    virtual_router_id 51
    priority 150
    advert_int 1
    preempt_delay 120
    virtual_ipaddress {
        192.168.10.1/24
    }
    track_script {
        angalia_njia
    }
}
```

Ruta zote mbili zinaanza kama `BACKUP`. Usiogope, kipaumbele kikubwa ndicho kitakachoamua. Namba ya kikundi (`virtual_router_id`) lazima ifanane pande zote mbili, na isitumiwe na jozi nyingine kwenye VLAN (mtandao uliotengwa ndani ya swichi) hiyohiyo.

Ruta yangu ni nzima lakini intaneti imekatika. Mbona haihami?

Swali hili ndilo ninaloulizwa kuliko yote, na ndilo lenye maumivu zaidi. VRRP inajibu swali moja tu: je, mwenzangu yu hai kwenye waya huu wa ndani? Haijui lolote kuhusu upande wa nje. Kebo ya nje ikikatwa barabarani, ruta A itaendelea kutangaza kila sekunde kwamba ipo, na kwa kweli ipo. Itapokea paketi zote na kuzitupa.

Kufuatilia poti ya nje peke yake husaidia kidogo. Poti inabaki inawaka kwa sababu imeunganishwa na kisanduku cha mtoa huduma kilicho mezani, na kisanduku hicho kina umeme. Tatizo liko kilomita kadhaa mbele. Hata ukipiga ping ruta ya kwanza ya mtoa huduma, unaweza kupata jibu huku njia ya nyuma yake imekufa.

Kwa hiyo skripti iangalie mbali, na isitegemee sehemu moja:

```
#!/bin/sh
for d in 1.1.1.1 8.8.8.8 9.9.9.9; do
  ping -I eth0 -c 1 -W 1 $d >/dev/null && exit 0
done
exit 1
```

Mmoja akijibu, njia ni nzima. Wote watatu wakinyamaza mara tatu mfululizo, ndipo ruta inajishusha. Kwa mpangilio ule wa juu, ni kama sekunde 15. Watu hutaka iwe sekunde 2. Ushauri wangu ni kuacha 15, kwa sababu ping moja au mbili kupotea ni jambo la kila siku, na kuhama bila sababu kunakata mawasiliano ya watu.

Sasa angalia hesabu ya uzito, maana hapa ndipo usanidi mwingi niliokutana nao ulipokosewa. Ruta A ina 150, B ina 100. Ukiandika `weight -20`, A ikipoteza intaneti inashuka hadi 130. Bado ni kubwa kuliko 100. Skripti imefanya kazi, logi inasema imeshindwa, na hakuna kinachohama. Punguzo lazima lizidi tofauti ya vipaumbele: 150 toa 60 ni 90, na 90 iko chini ya 100.

Je, na njia zote mbili zikikatika? A inakuwa 90, B inakuwa 40. A inabaki kiongozi, na mtandao wa ndani unaendelea: VLAN zinaongea, seva ya mafaili inafikika. Ndiyo sababu napenda uzito kuliko kuiacha skripti bila uzito. Bila uzito, ruta ambayo skripti imeshindwa hujitoa kabisa, na zote mbili zikijitoa hakuna anayeshika lango.

Ruta kuu ikipona, irudishe uongozi mara moja?

Isirudi mara moja. Ruta inayowaka upya huanza kutangaza kabla njia zake za nje hazijawa tayari. Swichi yenye STP (itifaki ya kuzuia mizunguko kati ya swichi) ya zamani nayo hushikilia poti sekunde 30 kabla ya kuifungua, 15 za kusikiliza na 15 za kujifunza. Ikipokonya uongozi katika kipindi hicho, utapata mkatiko wa pili kwa ajili ya kupona. `preempt_delay 120` kwenye ruta A inaipa dakika 2 za kutulia.

Wengine huzima kabisa upokonyaji kwa `nopreempt`. Ni sawa, lakini usiichanganye na uzito. Ruta yenye `nopreempt` haimpokonyi kiongozi mwenye kipaumbele kidogo, hata kama kimeshuka kwa sababu skripti imeshindwa. Ukiiweka pande zote mbili, ule mpango wa 150 kushuka hadi 90 hautahamisha kitu. Chagua mmoja kati ya miwili.

Ruta zote mbili zinasema ndizo kiongozi. Nini kimetokea?

Hazisikiani. Fahali wawili hawakai zizi moja, na hapa kila mmoja anaamini zizi ni lake peke yake.

Niliwahi kuitwa mahali ambapo intaneti ilikuwa inakuja na kuondoka kwa muda wa siku tatu. Nilikaa kwenye kompyuta moja nikarudia amri ya `arp -n 192.168.10.1`. Mara MAC inaishia na 3f:a2. Baada ya dakika inaishia na 91:0c. Halafu inarudi 3f:a2. Anwani moja, MAC mbili zinazopokezana: hapo sikuhitaji ushahidi zaidi. Nikaingia ruta B na kuandika:

```
tcpdump -ni eth1 ip proto 112
```

Matangazo yaliyoonekana yalikuwa ya B yenyewe tu. Ya A hayakuwemo hata moja. Ping kati ya A na B ilikwenda bila shida, kwa hiyo kebo zilikuwa nzima. Kilichobadilika wiki hiyo kilikuwa swichi mpya, nayo ilikuwa imewashwa uchujaji wa multikasti wa IGMP. Anwani zote za 224.0.0.x zinapaswa kupitishwa kwenye poti zote, na RFC 4541 inapendekeza hivyo, lakini swichi ile ilikuwa inazitupa. Tulizima uchujaji kwenye VLAN ile, na ndani ya sekunde chache B ikarudi kuwa ya akiba. Mahali ambapo swichi huwezi kuigusa, keepalived ina `unicast_peer`, inayopeleka matangazo moja kwa moja kwenye anwani ya mwenzake.

Sababu nyingine za kawaida: faiawoli ya ruta yenyewe inazuia itifaki namba 112 (watu hufungua TCP na UDP na kusahau kwamba VRRP si yoyote kati ya hizo), namba za kikundi hazifanani, au upande mmoja unatumia toleo la 2 na mwingine la 3.

Uongozi ukihama, mawasiliano yaliyo wazi yanakatika?

Inategemea NAT (ubadilishaji wa anwani za ndani kuwa ya umma) na faiawoli. Ruta A ina jedwali linaloonyesha kila muunganisho uliopita kwake. Ruta B haina. Paketi ya katikati ya muunganisho ikifika B, faiawoli inaiona ngeni na kuitupa. Ukurasa wa wavuti utafunguliwa upya na hakuna atakayejua. Simu au VPN itakatika.

Dawa ni kunakili jedwali hilo muda wote: `conntrackd` kwa Linux, pfsync kwa wanaotumia CARP. Ukiweza, tumia kebo ya pekee kati ya ruta mbili kwa kazi hiyo. Lakini jedwali pekee halitoshi. NAT lazima itoke na anwani pepe ya nje. Ikitoka na anwani halisi ya A, majibu yatarudi kwa A aliyekwisha kufa.

Na anwani pepe ya ndani na ya nje zihame pamoja. Hilo ndilo kazi ya `vrrp_sync_group`. Bila hilo, utakuta paketi zinatoka kwa A na kurudi kwa B.

Nina watoa huduma wawili. Hilo linabadilisha nini?

Ukiunganisha kila ruta na mtoa huduma wake, umepata kinga dhidi ya kebo iliyokatika, lakini anwani ya umma inabadilika wakati wa kuhama, na miunganisho yote iliyo wazi inakatika hata ukinakili jedwali. Kwa wanaotoka kwenda nje tu, inavumilika. Kwa wenye seva zinazofikiwa kutoka nje, anwani moja inayobaki ileile inahitaji BGP (itifaki ya kutangaza njia kati ya mitandao) na anwani zako mwenyewe, kwa kawaida si chini ya /24 kwa IPv4 na /48 kwa IPv6, maana vipande vidogo zaidi ya hapo watoa huduma wengi huvichuja. Waulize pia kama kebo zao zinapita mtaro mmoja.

DHCP na DNS je?

DHCP itoe 192.168.10.1 kama lango, kamwe isitoe .2 wala .3. Nimeona ruta ambazo kwa mazoea zinajitangaza zenyewe, na kila kitu kilionekana sawa mpaka siku ya kuhama. Kama ruta ndiyo DHCP, gawanya anwani: A itoe .50 hadi .149, B itoe .150 hadi .249. DNS, inayotafsiri majina kuwa anwani, nayo ielekezwe kwenye anwani pepe, au iwe mahali pengine kabisa.

Niweke neno la siri kwenye VRRP?

Halikusaidii. Lilikuwepo mwanzoni, likaondolewa kwenye RFC 3768 ya mwaka 2004 kwa sababu halikuzuia kitu cha maana. Matangazo yana TTL ya 255, namba inayopungua kila paketi inapopita ruta, na yasiyo na 255 hutupwa, kwa hiyo mtu wa mbali hawezi kuyaghushi. Aliye ndani ya VLAN anaweza. Ruhusu itifaki 112 kutoka kwa anwani ya mwenzako tu.

Naweza kutumia ruta zote mbili kwa pamoja?

Unaweza: vikundi viwili, anwani pepe mbili, A aongoze kimoja na B kingine, kila mmoja akiwa akiba ya mwenzake. Nusu ya kompyuta zinapewa lango hili na nusu lile. Ila pima matumizi. Kila ruta ikiwa imefika asilimia 70 ya uwezo wake, siku moja ikifa mwenzake ataombwa asilimia 140.

Nijaribuje kabla ya kuamini?

Chukua kompyuta ya kawaida, si ruta, na uache hii ikiendelea:

```
ping -i 0.2 1.1.1.1
```

Paketi tano kila sekunde. Ng'oa kebo ya umeme ya ruta A, usitumie amri. Hesabu namba za mfululizo zilizoruka: zikiwa 18, ni sekunde 3.6, sawasawa na hesabu ya VRRP. Zikiwa 150, ni sekunde 30, na hapo kamtafute STP kwenye swichi.

Rudisha umeme na uendelee kuangalia. Kurudi ndiko wengi hawakupimi.

Kisha acha umeme, ng'oa kebo ya nje ya A. Baada ya hapo, rudisha kebo hiyo na uzuie njia mbele zaidi, kwa kukata kebo inayoingia kwenye kisanduku cha mtoa huduma ili poti ya A ibaki inawaka. Jaribio hili la tatu ndilo linalofeli. Mwisho ng'oa kebo ya ndani. Andika sekunde za kila jaribio, pande mbili, kwenda na kurudi, na ubandike karatasi hiyo ndani ya mlango wa raki. Rudia kila unapobadilisha swichi, kila unaposasisha programu ya ruta, na kila mtoa huduma anapokuja kugusa kisanduku chake.